Naomba ushauri: farasi wawili wa mabaka, kutoka Mufindi hadi Kigamboni

Mkulima wa Kimbiji

Ndugu zangu wafugaji, habari za leo, na kwa wakubwa wote shikamooni.

Nina shamba la ekari sita huku Kimbiji, Kigamboni, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuga mbuzi na kuku wa nyama. Kwa kuwa wageni wanaokuja fukwe za huku mwishoni mwa wiki wamekuwa wakiniuliza mara kwa mara kama kuna farasi wa kupanda, na kwa kuwa jamaa wawili wameshaniomba niwatafutie farasi wa kumfikisha bwana harusi ukumbini, nimeona nianze na farasi wawili wa kukodisha. Zamani niliwahi kuwa na punda wa kubeba maji, basi. Kwa farasi mimi bado ni mwanafunzi.

Dalali mmoja ameniunganisha na muuzaji aliye kijijini huko Mufindi, mkoani Iringa. Anauza dume mmoja na jike mmoja, wote wenye mabaka makubwa meupe na ya kahawia, na nakiri kwamba kwenye picha wanapendeza kuliko farasi yeyote niliyewahi kumwona. Anawaita Paint wa Marekani, na kwa sababu ya ukoo huo anaomba shilingi milioni 14 kwa wote wawili, bei ambayo mwenyewe anasema ni karibu mara mbili ya farasi wa rangi moja walioko hukohuko. Ameniambia pia kwamba jike ana mimba ya miezi minne aliyopewa na dume huyohuyo, hivyo kwa hesabu yake nitakuwa nimenunua watatu kwa bei ya wawili. Nyuso zao wote wawili ni nyeupe kuanzia paji hadi puani, na dume ana jicho moja la buluu.

Naomba kufahamu namna ya kuthibitisha kuwa kweli ni Paint, mambo ya kukagua kabla ya kulipa, na jinsi ya kuwafikisha huku salama. Muuzaji anataka nitume nusu ya fedha kwa simu kabla ya Jumapili, kwa maelezo kwamba kuna mteja mwingine anakuja kutoka Arusha.

Dalali wa Pugu

Ndugu, mimi nimeuza ng'ombe mnadani kwa zaidi ya miaka ishirini, na huyo mteja wa kutoka Arusha namfahamu vizuri: ndiye anayetajwa katika kila biashara ambayo muuzaji hataki mnunuzi apate muda wa kufikiri. Usitume hata shilingi moja. Mtu hauziwi mbuzi kwenye gunia, sembuse farasi kwenye picha ya simu.

Nenda mwenyewe, na ukifika pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji uulize farasi hao ni mali ya nani. Si mara moja wala mbili nimeona mifugo ya mwenye shamba anayeishi mbali ikiuzwa na mtu aliyeachiwa kuitunza tu. Mkikubaliana, andikeni mkataba unaotaja jinsia, umri, na alama za kila farasi, na hapo mabaka yatakusaidia kweli, kwa sababu ukipiga picha ubavu wa kulia na wa kushoto na kuzibandika kwenye mkataba, hakuna atakayeweza kukubadilishia mnyama. Mtendaji agonge muhuri, mashahidi wasaini, na fedha nyingine ibaki mkononi mwako mpaka kibali cha kusafirisha kitoke. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Ndugu Mkulima, nitaanza na suala la jina, kwa kuwa ndilo linalokugharimu hizo milioni za ziada.

Watu wengi huchanganya rangi na ukoo. Farasi mwenye mabaka anaweza kuzaliwa katika koo nyingi duniani, na huku kusini na mashariki mwa Afrika farasi wengi wenye mabaka ni machotara ambao hakuna anayejua kwa hakika walianzia wapi. Paint ni jambo jingine. Ni ukoo unaotunziwa daftari na chama kiitwacho American Paint Horse Association, chenye makao yake Fort Worth, Texas, ambacho kiliundwa mwaka 1965 kwa kuunganisha vyama viwili vilivyotangulia. Ili mtoto wa farasi aandikwe katika daftari lao kuu, haitoshi awe na baka jeupe lenye ngozi ya waridi chini yake. Ni lazima pia wazazi wake wawe wameandikwa katika daftari la Paint, au la koo nyingine mbili, yaani Quarter Horse na Thoroughbred. Kwa hiyo swali lako lina jibu fupi: mwombe muuzaji cheti cha usajili chenye majina ya wazazi na mchoro wa mabaka ya farasi husika. Akikuonyesha, linganisha mchoro na mnyama aliye mbele yako. Asipokuwa nacho, basi anauza farasi wa mabaka, ambaye anaweza kuwa mnyama mzuri sana, lakini hakuna sababu ya kumlipa kwa ajili ya ukoo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya niandike kwa urefu. Mabaka yana mitindo. Katika mtindo uitwao tobiano, weupe huvuka mgongo kama shuka lililotandikwa, miguu kwa kawaida huwa meupe, na kichwa hubaki na rangi ya kawaida. Katika mtindo uitwao overo, weupe hukaa zaidi ubavuni bila kuvuka mgongo, uso huwa mweupe kwa sehemu kubwa, na macho ya buluu si ajabu. Wapo pia wenye mchanganyiko wa yote mawili, ambao huitwa tovero. Maelezo uliyotoa kuhusu nyuso nyeupe na jicho la buluu yananifanya nihofie kwamba farasi hao wawili huenda ni overo wa aina inayoitwa frame.

Hofu yangu inatokana na kinasaba kinacholeta mabaka ya aina hiyo. Farasi mwenye nakala moja huwa mzima kabisa. Mtoto anayerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, huzaliwa mweupe wote au karibu wote, akiwa na utumbo usio na neva za kusukuma chakula. Husimama, hunyonya, na katika muda wa saa chache huanza kuumwa tumbo, kwa sababu hakuna kinachopita. Hana tiba, hufa ndani ya siku chache kama hakuondolewa mateso mapema. Ukimpandisha frame kwa frame, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuishia hivyo. Kipimo cha vinasaba kipo tangu kasoro hiyo ilipotambuliwa mwaka 1998, na hufanywa kwa nywele za singa zilizong'olewa pamoja na mizizi yake na kupelekwa maabara ya nje. Kumtazama farasi kwa macho hakutoshi, maana wapo wabebaji wasio na baka lolote la kuonekana.

Kwa hiyo yule farasi wa tatu uliyeambiwa utampata bure, usimhesabu bado. Mimba ya farasi ni takribani miezi 11, na bila kipimo cha wazazi utakaa miezi saba ukisubiri jambo usilolijua.

Jambo dogo la kuongeza: ngozi ya waridi iliyo chini ya weupe huungua na jua. Huko Mufindi kuna ukungu na baridi. Kwenu Kigamboni jua linarudishwa na mchanga mweupe, na pua ya farasi mwenye uso mweupe itababuka ndani ya wiki moja kama hana kivuli.

Mkulima wa Kimbiji

Daktari, nakushukuru sana. Hakuna aliyewahi kuniambia habari hii, na sidhani kama muuzaji mwenyewe anaifahamu. Nimemuuliza kuhusu cheti, naye amejibu kwamba karatasi zilipotea wakati wa kuhama. Fedha sikutuma. Nimepanga kupanda basi Alhamisi, na ningependa sana kusikia kutoka kwa mtu aliyewahi kuishi na farasi hawa kila siku.

Saisi wa Zamani

Mwanangu, marahaba. Mimi nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka thelathini na ushee, nikianzia kwenye mabanda ya watu hapa Dar es Salaam na baadaye kwenye mashamba ya nyanda za juu, na ninachokijua nimejifunza kwa kukanyagwa.

Usimwambie muuzaji saa utakayofika. Nilikuwapo siku ambayo farasi aliyekuwa akichechemea kwa mwezi mzima alichomwa sindano ya maumivu asubuhi, akatembea kama bwana mkubwa mbele ya mnunuzi, na jioni ya siku ya pili akashindwa kushuka kwenye lori. Fika mapema, kabla jua halijapanda, umkute farasi bandani. Mtazame akiwa ametulia: amesimama kwa miguu yote minne au kuna mmoja wa mbele anaounyoosha kuupumzisha? Tazama mavi yake kama ni ya mviringo na yenye unyevu wa kiasi. Tazama ubao wa mlango. Ukiukuta umetafunwa, ujue una farasi mwenye tabia mbaya ya kuuma mbao na kumeza hewa.

Kisha mwombe muuzaji mwenyewe amkamate, amtie lijamu, amtandike na ampande kwanza. Asipotaka kumpanda farasi wake, wewe utampandaje? Aongozwe kwenye ardhi ngumu akitembea, halafu akikimbia polepole, kwa mstari ulionyooka na kwa mduara wa pande zote mbili. Farasi mwenye maumivu ya mguu wa mbele huinua kichwa mguu huo unapogusa chini. Inua kwato moja moja, uzichokonoe na uzinuse. Kwato inayooza inanuka, na harufu hiyo haifichiki. Pitisha vidole kwa nguvu kidogo kwenye mgongo kuanzia mabegani hadi kiunoni; akizama chini au akigeuka kutaka kuuma, tandiko limeshamuumiza.

Umri usiambiwe, usome mdomoni. Meno ya mbele ya katikati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu, yanayofuata akiwa na mitatu na nusu, na ya pembeni akiwa na minne na nusu, ili akifika mitano mdomo uwe umekamilika. Akifika miaka kumi hivi, mfereji mdogo wenye rangi ya kahawia huanza kuchungulia kwenye ufizi wa jino la juu la pembeni, na kwa miaka ishirini unakuwa umefika mwisho wa jino. Si saa ya ukutani, lakini humzuia mtu kukuuzia babu kwa jina la kijana.

Lililobaki ni gumu, na naomba usilichukie. Dume hamfai mtu wa kukodisha. Umwingize dume kwenye harusi yenye tarumbeta, vigelegele na watoto wanaokimbia, naye anasikia harufu ya jike mwenzake aliyefungwa nyuma ya ukumbi, halafu juu yake ameketi bwana harusi ambaye hajawahi kushika hatamu! Ama ahasiwe na akae miezi kadhaa atulie, ama umwache hukohuko. Uliza kama pale shambani yupo farasi aliyehasiwa, wa miaka kati ya minane na kumi na minne, aliyezoea watu, hata kama rangi yake ni ya udongo mtupu. Wageni wa ufukweni hupiga picha na farasi yeyote, mradi asiwarushe.

Mama wa Mkuranga

Nami niongeze kidogo kuhusu chakula, kwa sababu watu huhesabu bei ya kununua na kusahau ya kulisha. Farasi wa kilo 450 anahitaji takribani kilo 9 za nyasi kavu kwa siku. Ukichukua robota la kilo 15, hayo ni marobota 18 kwa mwezi kwa kila farasi, na wakati wa masika, nyasi zinapokuwa nyingi lakini zote mbichi na zimelowa, marobota makavu huadimika huku Pwani. Nunua mapema na uyaweke juu ya mbao. Maji ni lita 30 hadi 40, na zaidi siku ya joto.

Nyumbani kwako, kaka yangu, kuna hatari mbili ambazo tayari unazo. Kwanza ni chakula cha kuku wa nyama, ambacho mara nyingi huwekwa dawa ya kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara wa kuku) iitwayo monensini. Kuku hunufaika nayo, lakini farasi akila kiasi kidogo tu moyo wake huharibika na hufa. Weka stoo mbili zenye funguo mbili. Pili ni dawa za kuogesha mbuzi zenye amitrazi, ambazo humfungia farasi utumbo. Na pumba za mahindi zilizoota ukungu, ambazo ng'ombe wangu walikula bila shida, humharibu farasi ubongo. Nilipoteza mmoja kwa njia hiyo, kwa hiyo siku hizi sinunui pumba nisizozinusa.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Mama amesema kweli tupu. Nimalizie upande wa safari na magonjwa, kwa sababu njia ya kutoka Mufindi ina mtego katikati yake.

Farasi huku kwetu ana maadui wawili wakubwa wenye mabawa, na hawafanyi kazi kwa saa zinazofanana. Usubi, ambao hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, hutoka jua linapozama na hurudi kujificha kunapopambazuka. Ugonjwa wenyewe, ukimshika mapafuni farasi asiye na kinga, ni nadra apone, ilhali pundamilia hubeba virusi hivyo bila hata kuonekana mgonjwa. Mbung'o naye huuma mchana, na huleta nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu. Hawa ndio waliowafanya wafanyabiashara wa misafara ya Bagamoyo wategemee mabega ya wapagazi badala ya wanyama. Henry Morton Stanley alipoondoka hapo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa kabla safari haijapamba moto.

Barabara kuu ya kutoka Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na humo wamo pundamilia na mbung'o pia. Saa za kusafiri zitategemea kibali, ambacho ni lazima ukiombe kwa daktari wa mifugo wa halmashauri huko wanakotoka, baada ya kuwakagua. Mkiruhusiwa, panga mpite hifadhini alfajiri kukiwa bado na baridi, kwa maana mbung'o huchangamka joto linapopanda, na usubi ni dhaifu mno kumfuata mnyama aliye kwenye gari linalokwenda. Mkilazimika kupita mchana, funikeni lori kwa wavu, mpulizieni farasi dawa ya wadudu ya aina ya pairethroidi, na msisimame humo hata kwa kuchimba dawa. Pumzikeni Morogoro. Hapa kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na itakuwa busara farasi apimwe joto, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, pamoja na mapigo ya moyo, ambayo akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika.

Kabla ya yote hayo, uliza daftari la chanjo. Chanjo ya ugonjwa wa farasi hutengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, na hutolewa kwa chupa mbili zenye aina tofauti za virusi, zikiachana kwa wiki zisizopungua tatu. Kwa hiyo farasi ambaye hajachanjwa hawezi kuwa tayari kushuka Pwani wiki ijayo, muuzaji aseme atakavyosema. Kwa jike mwenye mimba, usimchanje bila kuzungumza na daktari, kwa sababu chanjo hiyo ina virusi hai. Damu ya wote ipimwe nagana pia. Maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari ipo Temeke, lakini ni afadhali sampuli ichukuliwe kabla hujalipa.

Mwisho, farasi wa nyanda za juu akishushwa kwenye joto lenye unyevu, wapo wanaoacha kabisa kutoa jasho. Ukimwona anahema kwa kasi kivulini huku ngozi ikiwa kavu, mmwagie maji na unipigie simu siku hiyohiyo. Usimpandishe mtu katika mwezi wa kwanza.

Mkulima wa Kimbiji

Nimerudi kutoka Mufindi jana usiku, na naona ni haki niwape mrejesho.

Farasi wenyewe wapo, na mtendaji amethibitisha kuwa ni mali ya muuzaji. Cheti hakuna, na nilipomweleza kuhusu watoto weupe alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mwaka juzi jike huyo alizaa mtoto mweupe ambaye hakufika siku ya tatu, nao walidhani alirogwa. Mteja wa Arusha hakutajwa tena. Dume nilimwacha. Kwa jike ameshuka hadi bei ya farasi wa rangi moja, lakini nimemwambia nitafikiria baada ya kuzaa. Niliyempenda ni farasi aliyehasiwa, mwekundu wa udongo, mwenye mdomo uliokamilika na mfereji ambao bado haujaonekana. Mwenye shamba alimpanda mbele yangu, na mtoto wake wa miaka tisa akampanda baada yake. Chanjo ya kwanza amepata wiki hii, na ya pili atapata kabla ya kusafiri. Je, Mzee, mmoja peke yake atakubali kuishi?

Saisi wa Zamani

Peke yake atahangaika, atazunguka uzio mpaka achimbe njia, na chakula atakiacha. Farasi ni wa kundi. Lakini si lazima mwenzake awe farasi. Wale mbuzi wako wawili watatu wakilala jirani naye atawazoea, nimeona hivyo mara nyingi.

Hizo wiki tatu zitumie kujenga banda. Lielekee upepo wa bahari, paa liwe juu, na dirisha uliwekee wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua, kwa kuwa usubi hupenya chandarua cha kawaida bila kukunja bawa. Aingie saa kumi na moja jioni, atoke jua likishatoka. Na siku ya kumleta zungukeni kwa Daraja la Nyerere. Kivukoni kuna honi na msongamano, naye atakuwa amechoka.

Tandiko usinunue bado. Nipigie akifika, nije nipime mgongo wake.